Ufuatiliaji wa pumzi unapokosea: kutafuta chanzo cha hitilafu katika tiba ya mionzi ya uvimbe wa ini

Ini halitulii. Limekaa chini ya kiwambo, msuli unaoendesha pumzi, na kila mgonjwa anapovuta pumzi husukumwa kuelekea miguuni, kisha hurudi juu anapoitoa. Katika upumuaji wa kawaida safari hiyo huwa kati ya milimita 10 na 25 kwa wagonjwa wengi, na huongezeka sana mtu akivuta pumzi kwa nguvu. Ripoti ya mwaka 2006 ya Kikosi Kazi namba 76 cha AAPM, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, ilishauri kituo cha tiba kifikirie njia ya kudhibiti mwendo pale unapozidi milimita 5. Kwa uvimbe wa ini, wagonjwa walio chini ya kiwango hicho ni wachache.

Mwongozo huu unawahusu wanaoufuata uvimbe: mionzi inaendelea kutoka huku mwale ukisogea pamoja na ini. CyberKnife, roboti ya tiba ya mionzi, yenye mfumo wa kufuata pumzi uitwao Synchrony, ndiyo inayojulikana zaidi, ila mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa mashine zinazowasha mionzi katika sehemu fulani tu ya pumzi, mradi zinakisia mahali pa uvimbe kwa kutazama mwili kwa nje.

Mashine hizi haziuoni uvimbe wenyewe. Kamera inaona taa ndogo za LED zilizobandikwa kifuani au tumboni, mara nyingi ndani ya kila sekunde moja. Eksirei mbili zinazopigwa kwa pamoja, kwa kawaida kila baada ya sekunde 30 hadi 60, zinaonyesha vipande vya dhahabu vilivyopandikizwa ndani ya ini. Kutokana na vipimo hivyo viwili programu hujenga modeli: taa zikiwa hapa, dhahabu iko pale. Kisha, kwa kuwa roboti huchukua muda kusogea, programu hutabiri taa zitakuwa wapi muda mfupi ujao. Mnyororo una pete nne, yaani tumbo, dhahabu, modeli na utabiri. Ipo na ya tano ambayo haionekani kwenye skrini yoyote: uhusiano wa dhahabu na uvimbe. Kazi yote ya kutafuta hitilafu ni kujua pete ipi imelegea kabla ya kugusa nyingine.

## Kwanza, usifute modeli

Hitilafu ikivuka kikomo, mkono hukimbilia kufuta modeli na kujenga nyingine. Mara nyingi namba hushuka, kipindi kinaendelea, na hakuna anayejua kilichotokea. Siku inayofuata tatizo linarudi. Modeli iliyoharibika ndiyo ushahidi, na ukiifuta kabla ya kuisoma umepoteza njia rahisi kuliko zote ya kujua chanzo. Simamisha mionzi, hifadhi picha ya skrini, hakikisha rekodi za mashine zimetunzwa, ndipo uendelee.

Halafu tenganisha namba tatu ambazo watu wengi huzisoma kama moja. Hitilafu ya alama inaeleza kama vipande vya dhahabu vimekaa kwa mpangilio uleule wa CT ya kupangia tiba. Hitilafu ya modeli ni umbali kati ya mahali modeli iliposema dhahabu ipo na mahali eksirei ilipoikuta. Hitilafu ya utabiri ni tofauti kati ya mahali taa zilipotarajiwa kufika na mahali zilipofika kweli. Ikipanda ya kwanza peke yake, shughulika na dhahabu au umbo la ini. Ikipanda ya pili peke yake, uhusiano wa tumbo na ini umebadilika. Ikipanda ya tatu peke yake, tatizo ni pumzi yenyewe au kamera. Zikipanda zote kwa mpigo, mara nyingi mgonjwa amesogea, na dawa yake ni kumpanga upya kitandani.

Jambo la pili la kusoma ni alama ya kujumlisha au kutoa iliyo mbele ya namba, mhimili kwa mhimili. Hitilafu ya milimita 3 inayoyumba pande zote na hitilafu ya milimita 2 inayoelekea miguuni kila mara hazilingani kabisa, na ya pili ndiyo mbaya. Kanuni ya mwanafizikia van Herk ya mwaka 2000, ya kukadiria ukingo (nafasi ya ziada inayoongezwa kuzunguka uvimbe), inazidisha hitilafu ya kudumu kwa 2.5 lakini ile ya kuyumba kwa 0.7 tu. Kwa hesabu hiyo, milimita 2 za kudumu zinadai ukingo wa milimita 5, na milimita 2 za kuyumba zinadai milimita 1.4. Kanuni hiyo ilitungwa kwa tiba ya vipindi vingi, kwa hiyo usiichukue ilivyo kwa tiba ya vipindi 3 au 5. Uwiano wake bado unakuelekeza mahali pa kuweka nguvu: tafuta kwanza kile kinachoegemea upande mmoja.

## Hitilafu inapanda polepole, upande uleule

Hii ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi kuliko nyingine, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya zaidi. Modeli ilikuwa nzuri mwanzoni. Baada ya dakika 10 au 15 kila eksirei inaonyesha dhahabu imepita kidogo mahali ilipotarajiwa, daima upande uleule, na tofauti inakua.

Chukua mahali pa dhahabu na mahali pa taa mwishoni mwa kutoa pumzi, kwenye picha ya kwanza na kwenye picha ya sasa. Mwisho wa kutoa pumzi ndio wakati ambapo ini hutulia zaidi na kurudi karibu na palepale, kwa hiyo ulinganisho huo hauchafuliwi na kina cha pumzi. Ukishapata namba hizo, kuna picha tatu.

Taa zimehama lakini dhahabu iko palepale: tatizo liko nje ya mwili. Fulana inayobeba taa imeteleza, gundi imeachia, waya wa taa umevutwa na mkono wa mgonjwa, au blanketi limekunjamana chini ya taa. Kaza, bandika upya, kisha jenga modeli mpya, kwa sababu ile ya zamani ilijengwa kwa taa zilizokuwa mahali pengine.

Dhahabu imehama lakini taa ziko palepale: hapa ni ndani ya mwili. Mgonjwa ameanza kulegea. Alipolala kitandani alikuwa na wasiwasi, misuli ya tumbo imekaza, akipumua zaidi kwa kifua. Sasa amezoea, tumbo limelegea, na ini limepata kituo kipya, yaani mahali pengine pa kutulia. Gesi ndani ya utumbo au tumbo lililojaa chakula huweza kuleta matokeo yaleyale. Modeli haina namna ya kulijua hilo, maana taa hazikubadilika.

Vyote vimehama kwa kiasi kinachokaribiana na upande mmoja: mwili mzima umesogea. Angalia magoti, mikono na mto wa kichwa. Mgonjwa ambaye mikono yake iko juu ya kichwa huchoka mabega, akaanza kujinyoosha bila kujua. Rekebisha kitanda kwanza, modeli baadaye.

Kwa picha ya pili, kuongeza eksirei moja au mbili hakutoshi. Katika Synchrony modeli hutunza pointi zisizozidi 15 za karibuni, na pointi mpya inapoingia ya zamani kabisa hutoka. Ini likiwa limehama milimita 4, utakuwa na pointi 13 zinazosema jana na 2 zinazosema leo, na mstari utapita katikati ambapo hakuna ini lolote. Ukishathibitisha kwamba kituo kimehama, hapo ndipo kufuta modeli kunastahili. Jenga nyingine yote kutokana na pumzi za sasa, kisha punguza muda kati ya eksirei hadi uone kituo kimetulia. Dozi ya eksirei inayoongezeka ni ndogo sana ikilinganishwa na dozi ya tiba, na haifai kuwa sababu ya kutoangalia.

Kinga yake ni rahisi na inastahili kuwa desturi: mlaze mgonjwa katika mkao wa tiba, mfunike, mwache apumue kwa dakika kadhaa kabla ya kupiga picha ya kwanza ya modeli. Maneno pia yana uzito. “Mama, pumua tu kama unavyopumua ukiwa umepumzika nyumbani” huleta pumzi tofauti kabisa na “vuta pumzi vizuri”, ambayo humfanya mtu ajitahidi kwa dakika tano kisha achoke.

## Ncha ziko sawa, katikati pamekosea

Mwisho wa kuvuta na mwisho wa kutoa pumzi, modeli inalingana na eksirei. Katikati, ini likiwa mbioni, kuna tofauti, na ishara yake hubadilika: ini likishuka hitilafu iko upande mmoja, likipanda iko upande wa pili. Ukichora mahali pa dhahabu dhidi ya mahali pa taa unapata kitanzi badala ya mstari.

Vyanzo viwili huchora kitanzi hicho. Cha kwanza ni maumbile: kwa wagonjwa wengi ini halirudi kwa njia lililoendea, na tumbo la nje huweza kutangulia au kuchelewa kidogo nyuma ya kiwambo. Wanafizikia hukiita histeresisi. Cha pili ni saa: kamera na eksirei hazikubaliani kuhusu wakati, au ucheleweshaji wa mfumo ni mkubwa kuliko programu inavyodhani.

Ukubwa wa jambo la pili hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Ini linalosafiri milimita 20 kutoka ncha hadi ncha, kwa pumzi ya sekunde 4, hufikia kasi ya takriban milimita 16 kwa sekunde katikati ya safari. Ucheleweshaji usiosahihishwa wa sekunde 0.1 unakuachia milimita 1.6. Ripoti ya Kikosi Kazi namba 76 ilitaka ucheleweshaji mzima usizidi sekunde 0.5, kwa mgonjwa huyo, nusu sekunde bila utabiri ingekuwa karibu milimita 8. Ndiyo maana utabiri upo, na ndiyo maana kosa dogo la saa haliwezi kupuuzwa.

Kuvitofautisha, tumia fantomu (kifaa kinachoigiza mwili) inayosogea, ambayo taa na dhahabu zake zinaendeshwa na mota moja. Humo hakuna maumbile, kwa hiyo kitanzi hakipaswi kuwapo. Kikiwapo, ni saa. Kisha punguza kasi ya fantomu kwa nusu bila kubadili umbali: upana wa kitanzi kinachotokana na saa hupungua karibu kwa nusu, kwa sababu unategemea kasi. Ukipata hivyo, simamisha tiba za aina hii na umwite mhandisi wa mashine. Jambo la saa halimhusu mgonjwa mmoja, linawagusa wote.

Fantomu ikiwa safi, basi ni mgonjwa. Hapo mstari mmoja hautoshi, na unahitaji modeli yenye matawi mawili, moja la kuvuta na moja la kutoa pumzi. Synchrony huchagua yenyewe kati ya mstari, mkunjo mmoja na mikunjo miwili kulingana na data inayopewa. Lakini haiwezi kuchagua matawi mawili kama hukuipa pointi za katikati kwa pande zote mbili. Ukipiga eksirei zako zote kwenye ncha, utapata mstari ulionyooka na namba nzuri sana, na kosa lote litakuwa limejificha katikati.

## Modeli safi mno, hadi mgonjwa avute pumzi ndefu

Hitilafu ya modeli ni ya kuridhisha, chini ya milimita 1. Ghafla mgonjwa anashusha pumzi ndefu na mwale unaruka kwenda mahali pasipo na maana.

Tazama pointi zilivyotawanyika kwenye mhimili wa pumzi. Zikiwa zimerundikana karibu na mwisho wa kutoa pumzi, ambako mtu hutumia muda mwingi zaidi, modeli haikuwahi kufundishwa kuhusu pumzi ndefu. Mstari ulionyooka ukirefushwa nje ya data hukosea kiasi. Mkunjo ukirefushwa nje ya data hupinda kwa nguvu, na kosa hukua haraka kuliko pumzi yenyewe. Kwa hiyo usiisifu modeli kwa udogo wa hitilafu yake kabla hujaona imefunika upana gani wa pumzi. Chagua nyakati za eksirei kwa makusudi: ncha zote mbili, robo, nusu na robo tatu, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Pumzi ndefu ya mara moja isisababishe ujenge upya. Simamisha mwale, subiri ipite, endelea.

## Vipande vya dhahabu havikubaliani

Programu inakataa alama, au hitilafu ya alama imevuka kikomo. Anza na jambo jepesi: je, programu imeshika kitu sicho? Klipu ya upasuaji wa zamani, stenti ya njia ya nyongo, chokaa kwenye ubavu, hata waya wa taa ukipita mbele ya picha, vyote huweza kuchukuliwa kuwa dhahabu. Tazama picha kwa macho yako. Usitegemee kiduara cha rangi.

Kama dhahabu ni yenyewe, pima umbali kati ya kila jozi ya vipande na ulinganishe na CT. Jedwali hili dogo linasema mengi. Ukiwa na vipande vinne una jozi sita. Jozi tatu zinazohusisha kipande kimoja zikiwa zimebadilika na nyingine zimebaki, kipande hicho kimehama. Kiondoe kwenye hesabu. Jozi zote zikibadilika kidogokidogo na kufuata pumzi, ini linabadilika umbo. Hapo jiulize CT ilichukuliwa katika hatua gani ya pumzi. CT ya mwisho wa kutoa pumzi ikilinganishwa na eksirei ya katikati ya kuvuta itaonyesha tofauti isiyo ya mtu yeyote. Linganisha hatua moja na hatua ileile kabla ya kumlaumu aliyepandikiza.

Ukikuta vipande viwili vinafunikana kwenye picha moja, sababu ni jiometri. Kwenye CyberKnife vyanzo vya eksirei viko darini na hutazama kwa nyuzi 45 kila upande, kwa hiyo vipande vilivyojipanga kwenye mstari huo huonekana kama kimoja. Hili halirekebishiki siku ya tiba. Linazuiwa siku ya kupandikiza: vipande vitatu au zaidi, vikiachana angalau sentimita 2, visiwe kwenye mstari mmoja wala, vikiwa vinne au zaidi, kwenye bapa moja, na pembe kati yao isiwe chini ya nyuzi 15. Daktari wa radiolojia anayepandikiza anapaswa kujua kwamba mashine hutazama kimshazari. Akielezwa kwa mchoro mmoja mambo hubadilika. Pia subiri takriban wiki moja kati ya kupandikiza na CT ya kupangia, ili uvimbe wa jeraha upungue na dhahabu itulie.

Ukibaki na vipande viwili au kimoja, kumbuka ulichopoteza. Chini ya vitatu huwezi tena kujua kama ini limegeuka. Na kugeuka kuna bei: nyuzi 5 tu, uvimbe ukiwa sentimita 5 kutoka katikati ya vipande, ni zaidi ya milimita 4. Ufuatiliaji wa pumzi husahihisha kusogea. Kugeuka husahihishwa kwa kitanda mwanzoni, kama kunaonekana.

## Kila namba ni nzuri, lakini uvimbe haupo hapo

Hii ndiyo hali ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu hakuna kengele inayolia. Hitilafu ya alama ndogo, modeli safi, utabiri mtulivu. Mashine inafuata dhahabu kwa uaminifu kamili, na uvimbe uko kando. Kwa kawaida hugundulika baada ya tiba, picha ya ufuatiliaji inapoonyesha mabadiliko ya mionzi kwenye ini yamekaa pembeni ya uvimbe.

Kosa hili huzaliwa kabla ya mgonjwa kufika chumba cha tiba. Uvimbe mwingi wa ini hauonekani vizuri kwenye CT isiyo na dawa ya kuonyesha mishipa, kwa hiyo daktari huuchora kwenye MRI au kwenye CT yenye dawa, kisha picha hizo hulinganishwa na CT ya kupangia. Kama MRI ilichukuliwa pumzi ikiwa imevutwa na CT ikiwa imetolewa, na ulinganishaji ukafuata uti wa mgongo, mifupa italingana vizuri sana huku ini likiwa limekosea kwa sentimita. Rudi kwenye mpango. Zima uti wa mgongo machoni pako. Tazama mishipa ya ini iliyo karibu na uvimbe, ukingo wa ini, na dhahabu kama MRI ilifanywa baada ya kupandikiza. Ulinganishaji wa ini hufanywa kwa ini, hasa sehemu inayozunguka uvimbe.

Chanzo kingine ni umbali. Ini si jiwe. Sehemu iliyo chini ya kiwambo husafiri zaidi kuliko sehemu ya kushoto ya ini, na vipande vilivyo upande mmoja haviwezi kusemea upande mwingine. Vipande vikae ndani ya sentimita 5 au 6 za uvimbe, na vikiuzunguka ni bora kuliko vikiwa vyote upande mmoja. Kama havikuwezekana karibu, kwa mfano kwa sababu ya mshipa mkubwa, basi ukingo uongezwe, na uamuzi huo uandikwe kwenye mpango ili anayekuja zamu ya pili aujue.

Pima hilo moja kwa moja kwa CT ya vipimo vinne (4D), ile inayogawanya pumzi katika hatua, kwa kawaida 10. Pima uvimbe, au mshipa ulio karibu nao, kutoka katikati ya vipande katika kila hatua. Umbali huo ukibadilika kwa milimita 3 kutoka hatua hadi hatua, hakuna modeli itakayoziondoa. Ni sehemu ya ukingo wako. Chunguza pia kama CT hiyo ina ngazi kwenye kiwambo, mahali ambapo vipande vya picha havikuungana kwa sababu pumzi haikuwa sawa. Ngazi ikipita kwenye uvimbe, vipimo vyako havina thamani, rudia CT.

Wagonjwa waliotibiwa kabla kwa lipiodoli, mafuta yanayoonekana kwenye eksirei, kwenye mshipa wa uvimbe wana faida hapa. Lipiodoli huonekana kwenye CT ya chumbani, ile inayopigwa mgonjwa akiwa kwenye kitanda cha tiba, na iko ndani ya uvimbe wenyewe, hivyo inakupa shahidi asiyetegemea dhahabu. Itumie mwanzoni mwa kila kipindi, ukikumbuka kwamba hufifia kadiri muda unavyopita. Na ukitumia CT ya chumbani ya kawaida, ujue inachukua karibu dakika nzima na inabeba pumzi nyingi kwa pamoja: unachokiona ni wastani uliofifia, si mwisho wa kutoa pumzi. Kulinganisha wastani huo na CT ya pumzi iliyotolewa hutengeneza hitilafu ya milimita kadhaa kuelekea miguuni ambayo haipo.

## Utabiri unarukaruka, au kamera inapoteza taa

Kikohozi, kwikwi, kuzungumza, kusinzia. Mgonjwa anayeshikwa na usingizi hupunguza kasi ya pumzi, kisha hushtuka. Utabiri uliozoea pumzi ya sekunde 4 unapotea. Simamisha, muamshe kwa upole, subiri pumzi kadhaa za kawaida. Usilegeze kikomo cha hitilafu ili kipindi kiishe haraka.

Kama mrukaruko unaambatana na taa kutoweka, tazama roboti: katika mikao fulani mkono wake huziba njia ya kamera. Sambaza taa zisikae pamoja, ziweke mahali ambapo tumbo au kifua cha mgonjwa huyo husogea zaidi, na hakikisha nguo haizifuniki. Taa iliyowekwa mahali pasiposogea hutoa ishara ndogo, na kelele ya kamera hukuzwa na modeli hadi ionekane kama mwendo wa ini.

## Leo si kama jana

Umbali wa pumzi ulikuwa milimita 18 kipindi cha kwanza, leo ni 9, au kinyume chake. Kwa mgonjwa mwenye ini lililosinyaa (sirosisi), fikiria maji ya tumboni kwanza. Yakijaa, tumbo hukaza na ini husukumwa. Yakitolewa kati ya vipindi, kila kitu hubadilika, pamoja na umbo la mwili ambalo dozi ilihesabiwa kwalo. Hapo suala si modeli tu: huenda CT mpya ikahitajika. Uliza pia kuhusu maumivu na saa aliyomeza dawa yake, na kama amekula. Kufunga saa mbili au tatu kabla ya CT na kabla ya kila kipindi kunapunguza tofauti hizi kwa kiasi cha kuridhisha. Kama mkanda wa kubana tumbo unatumika, andika namba ya kukaza kwake. “Kama jana” si kipimo.

## Fantomu inafaulu, mgonjwa hafaulu

Fantomu nyingi husogea kwa mawimbi laini, yaleyale, na kila utabiri hufaulu mbele ya wimbi kama hilo. Jaribio linaloeleza kitu ni lile linalotumia pumzi iliyorekodiwa ya mgonjwa mwenyewe, pamoja na kikohozi chake na kuhama kwa kituo chake, huku taa na dhahabu zikiendeshwa na mota mbili zinazoweza kupishana wakati. Weka filamu ndani, piga mpango halisi, pima mahali dozi ilipoangukia. Kwanza fanya hivyo bila mwendo. Kwa roboti kama CyberKnife hitilafu ya jumla bila mwendo inapaswa kuwa chini ya milimita 0.95. Ikizidi hapo, hujafika kwenye pumzi bado, tatizo ni la mashine yenyewe.

## Ikifika mahali pa kuacha kufuata

Wapo wagonjwa ambao ini lao halikubali kufuatwa: pumzi isiyo na mpangilio hata baada ya mafunzo, vipande vilivyopotea, kitanzi kinachobadilika kila dakika. Njia nyingine zipo. Kubana tumbo, kushika pumzi iliyotolewa, au kuchora eneo lote ambalo uvimbe unapita na kulipiga lote. Kila moja ina gharama, na mara nyingi gharama ni ini zima lililobaki. Kwa vipindi 3, kikomo kinachotumika sana ni kwamba angalau sentimita za ujazo 700 za ini lisilo na uvimbe zisipate zaidi ya Gy 15 (grei, kizio cha dozi ya mionzi). Ukipanua eneo kwa milimita 10 kuelekea miguuni, hesabu hiyo inaweza kuvunjika, na kwa mwenye sirosisi ini lililobaki halina akiba ya kupoteza. Mpango lazima uhesabiwe upya. Kuhamisha mpango wa kufuata kwenda kwenye mashine isiyofuata hakuruhusiwi hata kwa kipindi kimoja.

Kipindi kikikatwa katikati, andika miale mingapi imeshatolewa, mwale wa mwisho ulikomea dozi gani, na modeli ilikuwaje wakati huo. Daktari na mwanafizikia waamue pamoja, siku hiyohiyo, kama sehemu iliyobaki itatolewa kwa modeli mpya au itasubiri mpango mpya. Miale iliyotoka wakati hitilafu ya kudumu ilikuwa kubwa ihesabiwe mahali ilipoangukia kweli, na dozi hiyo iingizwe kwenye jumla ya ini kabla ya kipindi kinachofuata kupangwa.